Katiba ya Maji na Kufuli Tatu

Kawangware 46,
Nairobi.
Jumapili, 15 Februari 1987

Kwa ndugu yangu mpendwa Shivachi,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu, na wote wanaokula kwenye chungu chenu. Nikiuliza hali sitaki lile jibu lako la kila mara kwamba mnasukuma siku. Nataka kujua kama mgongo umekuachilia, kama yule ng'ombe mwekundu amezaa, na kama chemchemi imestahimili jua la Januari. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu zake ndizo zinazoijaza karatasi hii. Nakuomba uisome mpaka mwisho. Nakujua, ukikasirika katikati ya barua unaikunja, unaitia mfukoni na kwenda kukagua mahindi. Safari hii mahindi yangoje.

Utakumbuka mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuomba nakala ya katiba ya kikundi chenu cha maji. Uliituma kwa haraka ambayo hujawahi kunijibu nayo jambo lingine lolote, imepigwa chapa vizuri, na pembeni ukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba kikundi kisicho na katiba ni genge. Nilifurahi sana. Nilizunguka nayo ofisini nikiwaonyesha watu mwandiko wa kaka yangu. Lakini sikukueleza sawasawa kikundi chetu ni cha nini, kwa kuwa niliogopa utacheka.

Tuko wanane, wengi wetu makarani wa kampuni moja ya bima hapa mjini. Mimi, kama ujuavyo, kazi yangu ni kuingiza hesabu za wateja kwenye kompyuta. Mwenzetu Ogola ndiye huandika programu, yaani yale maagizo ambayo mashine huyafuata, maana bila maagizo kompyuta ni sanduku la chuma linalokula umeme. Mhandisi mmoja Mholanzi alipokuwa akirudi kwao aliliachia kanisa letu hapa Kawangware kompyuta ndogo na mashine yake ya kuchapa. Mchungaji hakujua aifanyie nini ila kuifunika kitambaa cha meza. Tukaomba tuitumie. Kila Jumamosi baada ya kazi ya nusu siku tukawa tunakutana katika chumba cha shule ya Jumapili, bila malipo yoyote, tunaandika programu ya zahanati ndogo ya Kisumu Ndogo, kule Kibera.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Muuguzi wa zahanati, Sista Caren, anatuletea majina ya watoto waliozaliwa kuanzia Januari ya mwaka jana, na mwezi wa kila mmoja. Sisi tunayaingiza, na kila wiki mashine inachapa majina ya wale waliofikia umri wa chanjo. Mama mmoja muuza samaki wadogo wa omena, Aoko, anaichukua hiyo karatasi na kugonga mlango kwa mlango akimwita mtoto kwa jina. Kina mama waliupenda sana mtindo huo. Walisema ni mara ya kwanza mtu anafika mlangoni akilijua jina lako na si kwa ajili ya kodi ya nyumba.

Mwanzoni hatukuwa na kiongozi. Aliyefika kwanza anafagia, aliyejua jambo anamfundisha asiyejua. Zilikuwa siku tamu. Kisha mwezi wa saba Ogola akairekebisha programu katikati ya wiki, na mwenzetu Mbula naye akairekebisha kwa diski nyingine siku iliyofuata, kila mmoja kivyake. Jumamosi, wa mwisho kunakili akafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Mashine ikachapa majina ya watoto waliokwisha kuchanjwa, na Aoko akashinda siku nzima Kibera akitukanwa na kina mama. Huyo Mbula ni Mkamba ninayekaa naye meza moja kazini, mtu ambaye hata penseli zake zimepangwa kwa urefu. Alilia kwa hasira.

Ndipo tukaanza kubishana kuhusu namna ya kujipanga, na mabishano hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Ogola alisema sisi ni marafiki, si wizara, na kwamba siku utakapoweka kiti cha mwenyekiti watu watakuja kutafuta kiti badala ya kazi. Mbula akamjibu kwamba huo urafiki ndio uliofuta kazi yake, na kitu kisicho na mlinzi hulindwa na bahati. Tena siku hizi unajua hali ilivyo, watu wanane wakijifungia chumbani kila Jumamosi, jirani huanza kuuliza. Mtu wa chifu msaidizi alikuwa amekuja zaidi ya mara moja kutaka kujua mwenyekiti wetu ni nani. Tulipomwambia hatuna, alitutazama kama watu waliosema hawana mama. Basi mimi nikainua mkono nikasema kaka yangu ni katibu wa kikundi cha maji huko Maragoli, na katiba yao haijawahi kushindwa.

Tuliinakili karibu yote. Palipoandikwa maji tukaweka programu, palipoandikwa bomba tukaweka mashine. Kifungu cha saba, ambacho najua ulikitunga wewe mwenyewe baada ya ule ugomvi wa bomba la juu, tulikichukua kilivyo: kwamba asiguse mtu bila idhini ya kamati, ombi lolote liletwe kwa maandishi kabla ya mkutano, na sanduku la vifaa lifungwe kwa kufuli tatu, kila ufunguo kwa kiongozi wake. Hakuna aliyejiuliza kama programu na bomba ni vitu vya namna moja. Bomba likiharibika watu wanaona halitoi maji, wanapiga kelele. Programu iliyoharibika inaendelea kuchapa karatasi safi.

Mwenyekiti tukamchagua Bwana Wesonga, mzee wa kanisa na mweka stoo wa kiwanda kimoja. Kompyuta hajui hata inawashiwa wapi, lakini ana koti na ana sauti, na mtu wa chifu alipomwona aliridhika papo hapo. Mbula akawa mweka hazina, ingawa hazina yenyewe hatuna. Mimi nikawa katibu, kwa sababu katiba ilitoka kwetu. Fundi wa hapa mtaani akatuchomelea sanduku la chuma la kutunzia diski, likapigwa kufuli tatu. Ogola alikataa cheo chochote. Alikaa karibu na dirisha akasema manze, sasa tumekuwa benki isiyo na pesa.

Nisiseme uongo, mambo yalinyooka. Miezi ile hakuna kazi ya mtu iliyopotea tena, na Mbula alianza kucheka. Lakini Desemba, wiki tuliyokuwa tukijiandaa kwenda nyumbani kwa Krismasi, Ogola alinijia kazini akasema ana wasiwasi kama programu itavuka mwaka salama. Alitaka sanduku lifunguliwe aiangalie, hata kwa saa moja tu. Nikamwambia aandike ombi. Alicheka akidhani natania. Nikamtolea katiba nikamwonyesha kifungu cha saba, nikamweleza kwamba mkutano wa mwisho wa mwaka umekwisha kufungwa kwa sala, na kwamba jambo lake litaingia kwenye ajenda ya Januari. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Aliondoka, na mimi nikajiona nimeshinda.

Januari tulikutana mara chache na wachache, watu wakiwa bado ushago, makwao vijijini. Ombi la Ogola liliahirishwa kwa kukosa akidi. Mashine ilichapa majina machache sana ya chanjo ya surua, ya wale wa Desemba ambao hawakuja, na hakuna aliyeshtuka. Sista Caren alifurahi hata, akasema kina mama bado hawajarudi kutoka nyumbani, wakirudi karatasi itajaa. Sote tuliona ni kweli, kwa sababu Nairobi nzima huwa hivyo baada ya Krismasi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo Bwana Wesonga alikuwa amekwenda kwao Samia kuzika, na ufunguo wake akaenda nao. Tulikuwa tumekaa tu tukilitazama sanduku wakati Aoko alipoingia na karai lake la omena kichwani. Alisema hakuja kuuza. Surua ilikuwa imeingia Kisumu Ndogo, na nyuma ya nyumba yake kuna mtoto anayeitwa Akoth, aliyezaliwa mwezi wa nne, ambaye miezi tisa imemtimia na hajaitwa. Mama yake huuliza kila wiki. Aoko alitaka kujua mtoto huyo amekosa nini.

 Ogola alitoa kwenye mkoba wake nakala ya zamani ya programu iliyochapwa, aliyoipata juzi tu nyumbani kwake, akaitandaza sakafuni, akapiga magoti akaifuata kwa kidole. Kisha akatuita. Kwa chanjo ya surua, programu ilikuwa inachukua mwezi wa kuzaliwa na kuongeza tisa. Mtoto wa mwezi wa tatu inamwita mwezi wa kumi na mbili. Mtoto wa mwezi wa nne inamtafutia mwezi wa kumi na tatu, na kwa kuwa mwezi huo haupo, inamruka. Haikulalamika, haikusimama. Watoto wote waliotimiza miezi tisa tangu mwaka uanze walikuwa wamerukwa, nasi tulidhani wako kwa nyanya zao.

Tulimwambia Aoko ampeleke Akoth zahanati Jumatatu bila kungoja kuitwa. Lakini wengine walikuwa nani, na wanakaa wapi? Majina yao yalikuwa kwenye diski, diski ilikuwa sandukuni, na karatasi za Sista Caren tulikuwa tukizichoma baada ya kuziingiza, maana chumba ni kidogo. Ogola alitoka nje akarudi na jiwe. Mbula akasimama mbele ya sanduku. Hakusogea. Alisema leo tutalivunja kwa sababu nzuri, kesho kwa nusu ya sababu, na mwezi ujao tutarudi kufutiana kazi, na karatasi itakayotoka itakuwa mbaya kuliko hii. Ogola akamuuliza kwa sauti kubwa kama atawaeleza hivyo kina mama wa Kibera kaburini. Wote wawili wakanigeukia mimi, katibu. Nami nikasema kwamba hatuna akidi, kwa hiyo hata kupiga kura ya kuvunja kifungu hatuwezi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, ndugu yangu, na jiwe likiwa bado mkononi mwa Ogola.

Jumatatu nilimpigia Bwana Wesonga simu ya maandishi. Jibu likaja kesho yake: NGOJENI. KATIBA NI KATIBA. NARUDI BAADA YA MATANGA. Sista Caren naye alijaribu kuwatangazia kina mama wote waje na watoto, lakini wengi walimjibu Aoko kwamba wao hawajaitwa. Tulikuwa tumewazoesha wenyewe kwamba asiyeitwa hana haja ya kwenda.

Jumatano jioni Aoko alikuja hapa kwangu Kawangware kwa miguu. Akoth alipelekwa zahanati siku ile ya Jumatatu, lakini Sista Caren alimkuta tayari ana homa na macho mekundu. Sasa vipele vilikuwa vimetoka mwili mzima, kifua kinakoroma, na hospitali wamemlaza katika wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Aoko hakunilaumu. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Kesho yake kazini niliandika marekebisho kwenye karatasi, nikaiweka mbele ya Mbula bila kusema ni ya nini. Alijua. Aliisoma, akachukua penseli, akasahihisha mahali pamoja, kwa kuwa nilikuwa nimerudisha mwezi Januari na kusahau kuongeza mwaka. Akanirudishia bila kuinua macho. Nikamwomba ufunguo wake. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Mpaka leo sijui kama nimchukie au nimshukuru. Bila ile penseli ningeharibu tena.

Nilimdanganya mkubwa wetu kwamba jino linaniuma, nikarudi Kawangware mchana. Nilikaa mbele ya sanduku lile nikiwa na ufunguo mmoja usio na faida. Halafu nikaligeuza, nikaona kwamba fundi wetu hakuchomelea bawaba za nyuma, alizifunga kwa skrubu tu. Nilizifungua kwa kisu cha jikoni. Sanduku likafunguka kwa mgongoni, na kufuli zote tatu zikiwa zimefungwa vilevile mbele. Nilicheka peke yangu, na kicheko kikageuka kilio. Nikafanya marekebisho jinsi yalivyokuwa kwenye karatasi ya Mbula, nikachapa. Karatasi ilitoka kwa muda mrefu.

Nilimpitia Ogola tukaenda naye kwa miguu mpaka Kibera, tukivuka Ngong Road, na njia nzima hakunikumbusha Desemba hata mara moja. Aoko na wenzake waligonga milango jioni hiyo na asubuhi yake, na Sista Caren akachanja mpaka dawa ikamwishia, akaletewa nyingine. Wengi tuliwahi. Wengine tuliwakuta wameshaanza kuumwa.

Jana Bwana Wesonga alirudi tukakutana, na akidi ilitimia. Alilizunguka sanduku, akazitazama kufuli, akatazama nyuma. Tulingoja angurume. Badala yake alivua kofia akasema simu yetu ilimkuta kando ya kaburi la ndugu yake, na kwamba alijibu kama mwenyekiti kwa sababu aliona haya kusema hakuelewa swali. Mbula akatoa hoja kwamba nivuliwe ukatibu, kwa kuwa nimevunja kifungu, na kifungu kisichomuuma anayekivunja si kifungu. Mimi nikaiunga mkono hoja hiyo. Ogola akainua mkono kuipinga, kwa utaratibu kamili, akimwomba mwenyekiti ruhusa, mara yake ya kwanza tangu tuanze, na watu wakashindwa kujizuia kucheka. Hoja ikapita. Kisha Mbula huyohuyo akaja nami hospitali amebeba uji kwenye thamosi.

Katiba hatukuichana, usihofu. Tumeandika upya kifungu cha saba. Sasa mtu akiona kosa linaloweza kumdhuru mtu, atalirekebisha siku hiyohiyo, mradi mwenzake mmoja ayasome marekebisho kwanza, kisha atajieleza mbele ya wote Jumamosi. Ogola anasema bado ni maneno mengi. Mbula anasema ni machache mno. Mimi naona huenda hapo ndipo mahali pake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu.

Kuna jina ulilokataza litajwe nyumbani kwako, tangu mwenye jina alipoolewa bila baraka zako na fundi cherehani Mjaluo. Binti yako Mideva hakupotea, Shivachi. Anaishi Kisumu Ndogo na mume wake Oketch, wanashona sare za shule, na wana heshima kwa majirani zao. Mimi nimekuwa nikienda kwao muda wote huu, nikikuandikia kwamba sijui aliko. Akoth ni mtoto wake. Jina hilo ni la upande wa baba. Mama yake humwita Kageha, jina la marehemu mama yetu.

Ile wiki ya Desemba niliyomfukuza Ogola na kifungu mkononi, nilikuwa nimempakata mtoto huyo Jumapili yake. Nilijua amezaliwa mwezi wa nne, kwa maana ni mimi niliyemkanda mama yake kwa maji ya moto. Nilijua umri wake, nilijua chanjo ni ya miezi tisa, na sikuviunganisha, kwa kuwa nilikuwa katibu na ajenda ilikuwa imefungwa. Hilo ni langu, silitupi kwako. Lakini lile neno lako la kwamba jina lisitajwe, nalo ni lako. Kama lingetajwa, ungekuwa unauliza habari za mjukuu wako kila barua, nami ningehesabu miezi yake vizuri kuliko mashine.

Homa imeshuka. Jana alinyonya. Jicho la kushoto bado limefungwa, na daktari anasema tungoje tuone. Mideva hakunituma. Amenikataza nisikuandikie, akasema baba akitoa neno hulisimamia. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa ameuma mdomo kama wewe unapobishana.

Msalimie wifi, na umsomee barua hii yote, hasa hapa mwishoni, maana najua ni nani hulia jikoni kwenu. Wasalimie watu wa chemchemi, na mzee Shiundu wa ng'ambo ya mto. Pale wodini hawaruhusu zaidi ya watu wawili kando ya kitanda, na mmoja ni mama. Nafasi ya pili nimekuwa nikiikalia mimi. Panda basi la usiku siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii, nami nitainuka nikuachie.

Ni mimi dada yako,
Kavetsa